Majemadari Wawili na Bonde Moja



Juma hili tumelichagua swali la mama mmoja mkaaji wa kota za askari, ambaye jina lake hatutalitaja. Anasema mumewe yuko zamu ya mpakani. Mwisho wa mwezi mume alimtumia fedha za matumizi kwa simu ya mkononi. Kwa mume salio likapungua. Kwa mke hakikuingia kitu. Mume akapiga simu kusema, "Nimekwisha tuma." Mke akajibu, "Hapa hapana kitu." Kwa muda wa saa mbili kila mmoja akamwona mwenziwe kuwa mwongo, kisha fedha zikaingia zote kamili, kana kwamba hapakutokea lolote. Mama anauliza: katika saa hizo mbili, fedha zilikuwa wapi?

Swali ni zuri kuliko anavyodhani mwenyewe, na jibu lake haliko katika simu ya mume wala katika simu ya mke. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na nyingine za namna hiyo zikaenea kwa majirani wote, fedha za askari hazisafiri tena ndani ya bahasha ya dereva wa basi. Zinapita katika kompyuta nyingi zilizotawanyika. Mojawapo hutunza hesabu, nyingine hupeleka taarifa, nyingine huandika kumbukumbu, nyingine hukaa tayari kushika kazi ya mwenzake akianguka. Hakuna hata moja inayoliona jambo zima kwa wakati mmoja. Kuziandikia programu mashine kama hizo, ili zifanye kazi moja kwa pamoja bila kukanyagana, ni katika kazi ngumu kabisa za ufundi wa zama zetu.

Sisi tuliosomea ualimu tulifunzwa kuanza na kile mwanafunzi alicho nacho nyumbani. Basi na tuanzie jikoni.

Mawifi wawili wanapika chungu kimoja cha maharagwe. Wa kwanza anaonja, anaona hapana chumvi, anakwenda kuitafuta kabatini. Kabla hajarudi, wa pili naye anaonja, naye anaona hapana chumvi, naye anaichukua ya kwenye kibati chake. Kila mmoja anatia kijiko. Chakula hakiliki. Sasa nani mkosaji? Ukimhoji kila mmoja peke yake utakuta amefanya sawasawa: ameonja kwanza, ndipo akatia. Kosa halimo ndani ya mpishi yeyote. Limo katika nafasi iliyopo baina ya kuonja na kutia, ambamo mwingine aliweza kupenya.

Ndivyo inavyotokea katika hesabu. Salio ni shilingi 50,000. Sehemu moja ya programu inasoma 50,000 ili kutoa 20,000; wakati huo huo sehemu nyingine inasoma 50,000 ili kutoa 10,000. Ya kwanza inaandika kwamba zimebaki 30,000. Ya pili inaandika juu yake kwamba zimebaki 40,000. Salio la kweli ni 20,000, na mwenye duka la fedha amepata hasara bila kuibiwa na mtu. Ubaya wa kosa la aina hii ni kuwa fundi akilijaribu mara mia halionekani, maana hutegemea nani amewahi kwa sehemu ndogo ya nukta.

Wala si fedha tu zinazopotea. Mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa wasiopungua sita mionzi iliyopita kiasi kwa mbali mno, na baadhi yao wakafa. Moja katika sababu zilizogunduliwa ilikuwa hii hii ya mawifi wawili: mhudumu mwenye mikono myepesi aliposahihisha maagizo upesi kwenye kioo, sehemu moja ya programu ilikuwa imeyapata masahihisho, na nyingine inaendelea na maagizo ya zamani.

Dawa ya jikoni yajulikana. Asiye na mwiko asiguse chungu. Aliye nao aonje na atie chumvi, ndipo aukabidhi. Mafundi wa kompyuta nao wana mwiko wao, wanauita kufuli. Lakini kufuli nalo huzaa balaa lake. Hebu wifi mmoja awe amekamata kinu, na mwenziwe amekamata mchi, na kila mmoja anamngoja mwingine aachilie. Watangojeana mpaka jua lichwe. Mholanzi Edsger Dijkstra aliwatungia wanafunzi wake mtihani juu ya mkwamo huu mwaka 1965, na hadi leo unafundishwa. Suluhisho mojawapo ni amri nyepesi: mtu asichukue mchi kabla hajapata kinu. Aliyekosa kinu hatakuwa ameushika mchi, na aliyekipata hatakosa mchi.

Hayo yote ni ya chumba kimoja, ambamo watu wanaonana. Mambo hugeuka kabisa pale wapishi wanapokuwa katika miji miwili na kuandikiana barua.

Hapa nawaomba ndugu zetu wa jeshini wasogee karibu, kwa kuwa mfano ni wao. Majeshi mawili ya upande mmoja yamepiga kambi juu ya vilima viwili. Katikati kuna bonde, na bondeni yupo adui. Wakishambulia pamoja watashinda. Akishambulia mmoja peke yake ataangamia. Njia ya kupashana habari ni tarishi tu, na tarishi hana budi kupita bondeni, ambako huenda akakamatwa. Jemadari wa kwanza anaandika: "Tushambulie alfajiri." Je, ashambulie? Hawezi, kwa sababu hajui kama barua imefika. Basi anangoja jibu. Jemadari wa pili anajibu: "Nimeipata, nakubali." Je, yeye ashambulie? Hawezi, kwani hajui kama jibu lake limefika, na likikosa kufika yule wa kwanza hatatoka. Basi naye anangoja kuthibitishiwa. Wa kwanza anamtuma tarishi wa tatu, na sasa ni zamu yake kuingia shaka.

Msomaji atasema: waongeze matarishi. Waongeze wangapi? Tuseme upo mpango unaofaulu kwa idadi fulani ya matarishi waliofika, na kwamba hauwezekani kwa pungufu ya hapo. Mtazameni yule wa mwisho kabisa katika mpango huo. Naye yawezekana akakamatwa, na aliyemtuma hatajua. Kwa hiyo mpango hauna budi kufaulu hata bila yeye. Kumbe hakuwa wa lazima. Mwondoeni, sasa wa mwisho ni aliyemtangulia, na hoja ni ile ile. Endeleeni hivyo mpaka asalie tarishi sifuri, yaani majemadari wanaopatana bila ya kupelekeana neno hata moja, jambo ambalo ni muhali. Kwa hiyo hakuna mpango. Si kwamba haujagunduliwa bado, hauwezi kuwapo. Wataalamu watatu, Akkoyunlu, Ekanadham na Huber, walilieleza jambo hili mwaka 1975, na kwao halikuwa la majemadari bali la makundi mawili ya majambazi. Mmarekani Jim Gray ndiye aliyewapandisha cheo mwaka 1978 wakawa majemadari.

Sasa turudi kwa fedha. Mashine inayomtunzia mume hesabu yake inapeleka ujumbe: "Mwongezee mke." Haikupata jibu. Yawezekana ujumbe ulipotea njiani. Yawezekana ulifika, kazi ikafanyika, jibu ndilo lililopotea. Yawezekana pia mashine ya pili haijafa wala haijapotewa na ujumbe, ila imeelemewa na foleni ya mwisho wa mwezi. Kwa aliyekaa upande wa kwanza, hali hizo tatu zinafanana kama mayai. Akituma tena huenda mke akalipwa mara mbili. Asipotuma tena huenda asilipwe kabisa.

Kwa kuwa uhakika wa majemadari haupatikani, mafundi wameacha kuutafuta. Badala yake kila agizo hupewa namba yake, isiyopewa agizo jingine. Mtumaji asipojibiwa anarudia agizo lile lile kwa namba ile ile, mara tatu, mara kumi, hata mara mia. Mpokeaji ana daftari la namba alizokwisha kuzitekeleza. Ikija namba ngeni, anatekeleza na kuandika. Ikija namba iliyomo daftarini, hatekelezi tena, ila anajibu upya kwamba kazi ilikwisha fanyika. Kwa njia hiyo kurudia hakudhuru. Na fedha zenyewe, wakati maswali hayo yakienda na kurudi, huandikwa katika safu ya kungojea: zimetoka kwa mtumaji, hazijathibitika kwa mpokeaji, na si mali ya kuguswa na mtu. Mama aliyetuuliza, huko ndiko zilikokuwa zile za kwako.

Jambo moja la kuangalia nyumbani latokana na hapo. Mashine inaporudia yenyewe, hurudia kwa namba ya zamani. Lakini mume akishikwa na hasira akabonyeza upya agizo la kutuma, mashine italipa agizo hilo namba mpya, nayo italitii kama agizo la pili. Hapo mke atapokea mara mbili, na mume atakaa mwezi mzima mpakani bila ya pesa ya sabuni. Kwanza tazameni salio na orodha ya miamala. Likiwa limepungua, agizo limeingia, subirini au mpigieni mhudumu mkamtajie namba yake.

Ndugu zetu polisi nao wana sehemu yao katika elimu hii. Kila kituo kina kitabu cha matukio, na kila tukio huandikwa na saa yake. Lakini saa ya ukutani ya kituo kimoja haipatani na ya kituo kingine. Kituo cha mjini chaandika kwamba kimepeleka taarifa ya gari lililoibwa saa 4:10. Kituo cha kizuizini chaandika kwamba kimeipokea saa 4:06. Hakimu akivisoma vitabu hivyo atacheka: taarifa imepokewa kabla haijapelekwa! Kompyuta zina ugonjwa huo huo, kwa maana hakuna saa mbili ulimwenguni zinazokwenda sawasawa daima.

Mmarekani Leslie Lamport alichapisha mwaka 1978 makala fupi iliyotoa njia. Alisema tuache kuuliza saa ngapi, tuulize kipi kimetangulia kipi. Kila kituo kiwe na namba inayoongezeka kwa kila tukio. Kila barua itokayo ichukue namba ya tukio la kuipeleka. Kituo kinachoipokea kikitazame kitabu chake: kama namba yake iko nyuma ya ile ya barua, kiirukie mbele yake, ndipo kiandike mapokezi. Basi kituo cha mjini kikipeleka kwa namba 57, na kizuizini wako kwenye namba 31, mapokezi yataandikwa namba 58. Sababu haitapata kamwe namba kubwa kuliko tokeo lake. Zingatieni lakini kwamba kinyume chake si lazima: tukio lenye namba ndogo halikusababisha lenye namba kubwa kwa vile tu limetangulia kwa namba. Mpelelezi mzuri ataielewa tofauti hiyo upesi kuliko fundi.

Pamoja na elimu yote hiyo, Marekani ilipatwa na msiba wa ajabu siku ya tarehe 15 Januari 1990. Kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa na mitambo mikubwa 114 ya kuunganisha simu za masafa marefu, imeenea nchi nzima. Mitambo hiyo ilipangwa kama askari wa lindo wanaoitana: mmoja akiwa na hitilafu, huwaambia wenziwe, "Msiniletee simu," hujisafisha kwa muda wa nukta nne hadi sita, kisha hurudi kazini. Mpango mzuri, na ulikuwa umefanya kazi kwa miaka.

Mwezi Desemba 1989 mafundi waliibadili programu ili kurudi kazini kuwe kwa upesi zaidi. Zamani mtambo uliopona ulituma kwanza taarifa rasmi ya kupona. Sasa ilitosha kuanza kuleta simu. Jirani akiona simu inatoka kwake, aelewe mwenyewe kwamba mwenzake amepona, na aandike hivyo daftarini. Alasiri ile ya Januari mtambo mmoja wa New York ulipata hitilafu ndogo, ukajisafisha, ukarudi. Ukaleta simu ya kwanza. Jirani akaanza kuandika daftarini. Kabla hajamaliza, ndani ya sehemu moja ya mia ya nukta, ikaingia simu ya pili kutoka kule kule. Neno moja katika programu ile mpya lilikuwa limewekwa mahali pasipo pake, na kwa ajili yake ujumbe wa pili uliandikwa juu ya kazi ambayo haijakwisha. Daftari likaharibika. Jirani, kwa utii wa mafunzo yake, akawatangazia wengine, "Msiniletee simu," akajisafisha, akarudi, akaleta simu mbili kwa mfuatano wa karibu. Majirani zake nao wakaanguka.

Tafakarini jambo hilo. Kilichoeneza ugonjwa si kuanguka, ni kupona. Na hapakuwapo mtambo wa kuukinga mwingine, kwa kuwa yote 114 ilikuwa na programu moja, yenye kosa moja. Kwa muda wa saa tisa mitambo ilianguka na kuinuka, ikaanguka tena, na mamilioni ya simu hayakupita. Zilikuwapo hata shuku kwamba ni kazi ya wahalifu waliouingilia mtandao. Mafundi walipoupunguza wingi wa ujumbe baina ya mitambo, zile nafasi za simu mbili kufuatana kwa karibu zikawa chache, na mtandao ukatulia. Baadaye wakairudisha programu ya zamani. Kwa maoni yangu kisa hiki kingefaa kusomwa katika kila chuo cha maofisa, hata kama hawatagusa kompyuta maisha yao yote.

Mafundi wa kampuni ya Ericsson ya Sweden, ambao nao ni watengenezaji wa mitambo ya simu, walikuwa wameanza mwaka 1986 kutunga lugha ya programu iitwayo Erlang. Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams ndio waliotangulia. Wao walikataa mambo ya chungu kimoja. Katika lugha yao kila mfanyakazi mdogo wa ndani ya programu ana chungu chake, hakuna agusaye cha mwingine, na wanawasiliana kwa ujumbe tu. Mfanyakazi akiharibikiwa hajitibu. Anaachwa afe, na msimamizi aliyewekwa juu yake anamwanzisha upya akiwa safi. Msimamizi naye ana msimamizi wake, mpaka juu, kama sajini na luteni na kapteni. Lugha hiyo ilitolewa bure kwa wote mwaka 1998, na ndiyo iliyotumika kuijenga huduma ya WhatsApp, ambayo pengine imo katika mfuko wa msomaji hivi sasa.

Limebaki jambo la msaliti. Mpaka hapa tumedhani mashine ama inasema kweli ama inanyamaza. Ikiwa hivyo, wingi watosha: daftari huwekwa nakala katika mashine tano, na neno linahesabiwa limeandikwa pale tatu zinapolikubali. Mbili zikifa kazi yaendelea, na kwa kuwa makundi yoyote mawili ya tatu ndani ya tano lazima yawe na mmoja wa pamoja, hayawezi kupatikana maamuzi mawili yanayopingana. Lakini vipi ikiwa mashine imeharibika kwa namna ya kusema hili huku na lile kule?

Mwaka 1982 Lamport, pamoja na Robert Shostak na Marshall Pease, walilijibu swali hilo kwa majemadari wengine, safari hii wa Byzantium, wanaouzingira mji na baadhi yao wamenunuliwa. Chukueni watu watatu: kamanda na maluteni wawili. Luteni wa kwanza anapokea kwa kamanda neno "shambulia"; anamwuliza mwenziwe, naye anasema, "Mimi nimeambiwa rudi nyuma." Mmoja wao ni msaliti, lakini ni yupi? Ama kamanda amesema maneno mawili, ama mwenzake anasingizia. Hana njia ya kutambua. Wataalamu wale walithibitisha kwamba kwa msaliti mmoja wanahitajika watu wanne, kwa wawili saba, yaani waaminifu wazidi theluthi mbili. Isipokuwa amri ziwe kwa maandishi yenye saini isiyoweza kughushiwa: hapo luteni ataonyesha karatasi yenyewe, na hata watatu watatosha.

Lamport amesimulia kwamba alipoanza aliwafikiria majemadari wa Albania, nchi ambayo wakati ule ilikuwa imejifungia kabisa. Mwenzake akamkumbusha kwamba Waalbania wapo wengi nje ya Albania, na huenda wakachukizwa. Ndipo akawatafuta watu ambao dola yao imekwisha, asibaki wa kulalamika.

Juma lijalo tutajibu barua tatu zilizokusanyika juu ya kuhifadhi maharagwe yasibunguliwe.